Yeyo na Spika za Kanisa

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, miaka ya tisini ikielekea kuisha, kanisa letu la mabati pale Kitengela likiwa bado halina dari. Baada ya ibada tulibaki kuamua kama tununue maikrofoni na spika. Nilikuwa kijana wa kwaya, na sisi wanakwaya tulizitaka sana.

Akasimama mjane mmoja wa Kimaasai ambaye sote tulimwita Yeyo, yaani mama.

"Mimi niko na neno moja," akasema. "Sasa tunaimba wote. Mkileta hiyo mashine, wanne wataimba, sisi wengine tutawatazama."

Watu wakacheka. Barasa, mwalimu wetu wa kwaya, akamuuliza, "Yeyo, hata redio ilipokuja uliikataa?"

"Redio naipenda, Barasa. Lakini siji kanisani kusikiliza redio."

Akaketi, wala hakurudia. Tulipoinua mikono kupiga kura, wake ulikuwa peke yake upande wa kupinga. Nikajua tumempoteza, maana wengine walikuwa wamehama kanisa kwa jambo dogo kuliko hilo.

Spika zilipofika, Yeyo alikuwa benchi la mbele.

"Umekuja kusikiliza redio?" Barasa akamtania.

"Nimekuja kuomba. Redio yako nimeikuta tu."

Wakacheka wote wawili. Yeyo akaimba kwa nguvu zake zote, ingawa spika zilimfunika. Ibada ilipokwisha akamshika Barasa mkono. "Wimbo wa pili umenibariki, mwanangu. Lakini umewaona watu wa nyuma? Walifunga midomo."

 Jumapili iliyofuata, kabla ya wimbo wa mwisho, Barasa alizima mashine akatugeukia. "Huu ni wetu sote," akasema. Hata wazee walioketi karibu na mlango waliimba, na tangu siku hiyo wimbo wa mwisho ukawa unaimbwa hivyo.

Mwanangu, ukiwa na wazo ambalo watu hawalipendi, liseme mbele yao, kwa maneno machache, bila matusi. Wakikukatalia, usiwasusie. Yeyo alisikilizwa kwa sababu alibaki, na kwa sababu aliweza kusifu kile alichokipinga. Siku hizi mnatupiana maneno kwa simu, halafu kila mtu anakwenda zake. Mimi namshukuru Mungu kwa kunikutanisha na mama yule nikiwa bado kijana.

Bwana akupe ulimi wa kweli na moyo usioweka kinyongo. Na siku mkono wako utakapokuwa peke yake, yeye akae karibu nawe.