Gumboots za size moja kwa kila mtu: yaliyotupata kwenye mjengo wa kanisa

Wakuu, Bwana asifiwe.

Naandika kwa kidole kimoja, mnivumilie. Haya niliyaona kwa macho yangu na sijaongeza chumvi.

Niko Eldoret, upande wa Pioneer. Kanisa letu linajenga ukumbi, nami ni mmoja wa wazee katika kamati ya ujenzi. Mungu ametusaidia, kuta zimepanda vizuri.

Tulipofika kununua vifaa vya usalama, mwenyekiti wetu aliogopa manung'uniko. Kwetu ukimpa mmoja kitu tofauti na mwenzake, maneno hayaishi. Kwa hiyo akaamua kila mfanyakazi apewe sawa: helmet aina moja, glavu kubwa, gumboots number tisa.

"Kanisani hakuna mkubwa wala mdogo," akasema.

Nikamwambia, "Mwenyekiti, lakini miguu iko mikubwa na midogo."

"Mzee, wewe nawe! Atakayeona ni kubwa avae soksi mbili."

Kamati ikacheka, ikapitisha.

Jumapili vifaa vikaletwa mbele vikaombewa. Nilisema amina kwa moyo wote. Sikuwa na ugomvi na maombi, ugomvi wangu ulikuwa na number tisa.

Sasa, kuna Mama Jebet. Anatoka Sugoi, ni mfupi na mwembamba, na kazi yake ni kubeba karai za simiti kupanda nazo juu kwa mbao zilizoegemezwa ukutani. Anavaa number nne.

Alijaza magazeti ndani ya zile gumboots, akawa anatembea kama bata. Vijana wakamtania, "Mama, gumboots zimeshaenda kazi, wewe utafuata saa ngapi?"

"Zikifika juu kabla yangu, zipeni karai," akawajibu.

Alimwomba foreman amruhusu kuvaa viatu vyake mwenyewe, vinavyomshika. Foreman akasema sheria ya kamati ni gumboots, asiyetaka arudi nyumbani. Mama ana watoto wa shule. Akajitwika karai, akapanda.

Mvua ilikuwa imenyesha. Katikati ya mbao gumboot moja ikakwama, mguu ukachomoka. Helmet, ambayo siku zote ilikuwa inamcheza kichwani, iliruka kabla hajafika chini.

Aliangukia mchanga. Kando kidogo tu kulikuwa na mawe ya msingi. Namshukuru Mungu kila nikikumbuka. Mkono ulivunjika, lakini yuko hai.

Wakuu, kilichonichosha si ajali. Ni kikao.

Tulikutana pale pale site. Mwenyekiti akamuuliza foreman, "Alikuwa amevaa gumboots?"

"Ndiyo."

"Na helmet?"

"Ndiyo."

"Basi kamati ilitimiza wajibu. Mama hakuwa makini. Atafutwe mwingine. Mzee, tuombee tufunge."

Yaani mama alale hospitali, akitoka hana kazi, na kosa liwe lake!

Nimeongoza maombi tangu ujana na sijawahi kukataa. Siku hiyo nilikataa. Nikachukua zile gumboots, nikaziweka mbele yake.

"Mwenyekiti, unavaa number ngapi?"

"Saba."

"Vaa hizi, ubebe karai moja ufike juu. Ukishuka salama, nitaomba mpaka jioni."

Akaangalia zile mbao. Akaangalia gumboots. Hakuna aliyecheka.

Ndipo tukakubaliana: gharama ya hospitali ni yetu, nafasi ya Mama Jebet inamngoja, na kila mtu aulizwe size yake. Hata helmet zilikuwa na mkanda wa kukaza kwa nyuma, ila hakuna aliyekuwa ameonyeshwa!

Nilichojifunza ni kwamba kifaa kisichokutosha kinaweza kukuumiza kuliko kukosa kifaa, kwa sababu wote wanaona umevaa na hakuna anayekuangalia tena.

Mngedhani imeisha. Glavu bado ni zile kubwa. Mwenyekiti anasema glavu haziangushi mtu. Jana nimemkuta fundi wa msumeno wa umeme amezivua ili ashike mbao vizuri.

Nyinyi mnaofanya mjengo, kwenu mnaulizwa size ama mnagawiwa tu? Na mwenye hoja ya kumgeuza mwenyekiti kuhusu glavu aiandike hapa chini. Zangu zimeisha, kikao ni Jumamosi, na fundi bado ana vidole vyote.