Fundi Célestin na Duara la Bwera

Watu wa Bwera wanasema Célestin alikuwa mjinga. Nawasikia sokoni, nanyamaza, maana nikianza kuwajibu sitauza kitu siku hiyo. Mjinga gani anafufua mashine ambazo hata waliozitengeneza wameshazisahau? Mimi Hanifah nilikuwa mpima mizigo kwenye depo alikofanya kazi, meza yangu ilipakana na chumba chake cha mashine, na sitaki kuelezwa na mtu yeyote mambo niliyoyaona kwa macho yangu mawili.

Célestin alitoka Butembo, Kongo. Kule alikuwa fundi kwa wanunuzi wa kahawa mpaka vita ikawatoa, yeye na mke wake Martine, wakavuka mpaka kuingia Uganda na godoro moja na sufuria. Mkatoliki wa kweli kweli. Alivaa tai na kandambili, akawa anaimba nyimbo za misa huku anafungua skrubu. Nilimchokoza kila asubuhi, "Fundi, hiyo tai unamvalia nani, panya?" Naye bila kuinua kichwa, "Mama Hanifah, machine nayo iko na macho."

Hajji Swalik, mwenye depo, alimchukua kwa sababu moja tu. Mashine zake zilikuwa kompyuta kuukuu, za mtumba, zililetwa na marehemu baba yake, na programu ya mizani ilikataa kabisa kukaa kwenye mashine nyingine. Mafundi vijana walikuja kutoka mjini, wakacheka, wakapiga picha, wakaenda zao. Célestin alipoziona alizisalimia. Hajji akampa kazi, akampa na chumba cha kulala nyuma ya depo.

Mashine zile zilikuwa zimeunganishwa kwa mtindo wa duara. Célestin alinieleza siku moja tukinywa busera, uji wa ulezi. Mmeketi mkekani, akasema, kikombe ni kimoja. Aliyekishika ndiye anayesema, akimaliza anampa wa pili, hakuna kukatana maneno. Kikianguka, wote mnakaa na kiu. Duara moja lilikuwa kwetu Bwera, jingine ofisini Kasese, na ruta mbili, moja kila upande, zilikuwa daraja la kuvusha maneno kutoka duara hili mpaka lile. Kwetu waya zote ziliingia kwenye sanduku moja la chuma, lililowekwa sakafuni kwenye chumba cha mashine. Miaka ikapita hivyo, lori linapanda mizani Bwera, uzito unasomwa Kasese.

Mwaka 2012 balaa likaingia. Laini ya kwenda Kasese ikaanza kukatika siku ya kuamkia soko la Mpondwe, pale mpakani, siku ile ile malori yanapopanga foleni. Uzito haufiki Kasese, tunaandika kwa mkono, malori yanapita. Soko likiisha laini inarudi yenyewe, kama mtoto aliyenuna akasikia njaa. Célestin akienda kuikagua, nzima! Hana pa kushika.

Hajji akagundua kuna malori yaliyovuka na mzigo wa kupindukia siku hizo. Waya wa mizani ya langoni ulipitia kwenye kibanda cha Kosiya, mlinzi wetu, mtu mzima wa kabila la Wakonzo, asiye na maneno mengi. Basi Hajji akajumlisha hesabu yake. Kosiya anachomoa waya, wenye malori wanamshukuru. Afande akaitwa. "Wewe! Toka nje! Kaa chini!" Wakamchukua mzee bila viatu, wakamfungia pale pale Bwera. Tukaambiwa Jumatatu atapelekwa Kasese kushtakiwa, na kutoka kule angeingia gerezani.

Mke wake Naome akaja kukaa langoni na mjukuu mgongoni. Halii, anatutazama tu. Nilikasirika mpaka chai nikaimwaga.

Célestin alikwenda kwa Hajji na mimi nikiwa mlangoni. "Patron, ukichomoa machine moja, sanduku linairuka, kikombe kinaendelea kwa wengine. Muzee Kosiya hawezi kuua duara nzima. Hata akitaka."

"Hayo ya vikombe kamwambie afande," Hajji akasema. "Kama si Kosiya, nionyeshe ni nani."

Basi Célestin akaanza kumtafuta huyo nani. Akaenda Kasese akafungua ruta ya kule. Kila duara lina namba yake, na ruta zote mbili lazima zikubaliane juu ya namba hizo, la sivyo maneno yanapotea njiani. Zilikubaliana. Akaangalia mwendo wa kila mashine, maana moja tu ikiwekwa mwendo tofauti inawaangusha wote. Zote mwendo mmoja. Daraja zima, duara la Kasese zima, likabaki duara letu la Bwera. Akarudi Jumamosi na vumbi mpaka kwenye nyusi, tai mfukoni.

Wiki ile ng'ambo kulikuwa na risasi, mpaka ukafungwa, soko likavunjika. Laini ilikuwa imekatika kama kawaida yake, lakini safari hii haikurudi. Nikamkimbilia Hajji. "Hajji, Kosiya yuko ndani, malori hakuna, na laini imekufa. Sasa nani anachomoa?"

"Ana mwenzake," akasema, hata hakuniangalia. Wallahi, nilitamani kumtupia mzani.

Jumapili Célestin alitoka misa akaja moja kwa moja kwenye chumba cha mashine. Aliniita nimshikie taa ya simu. Sasa lazima niseme kilichokuwamo mle. Martine alikuwa mchuuzi wa chumvi. Aliinunua Katwe, kwenye ziwa la chumvi, akaivusha siku ya soko. Chumba walicholala kilikuwa kidogo na paa linavuja, chumba cha mashine kina kufuli na ufunguo ni wa Célestin peke yake, basi magunia yakalala humo. Hajji alikuwa amekataza kitu chochote kuingizwa mle. Tulijua sote, tukafumba macho, maana nani atamnyima mke wa mwenzake pembe ya kuweka chumvi?

Célestin akavuta gunia la kwanza, la pili. Sakafu ilikuwa imelowa. Nyuma ya magunia, kando ya ukuta, sanduku lile la chuma lilikuwa limekaa ndani ya maji ya chumvi. Akalifungua. Shaba yote ilikuwa kijani, na maji yanang'aa kati ya tundu na tundu.

Kabla hajasema neno, Martine akaingia na jagi. Yeye na wenzake wachache walikuwa na mtindo wao, wanauita kuinywesha chumvi. Siku moja kabla ya soko wanayanyunyizia magunia maji, chumvi isikauke ikapungua kwenye mizani. Alikuwa amesikia mpaka unafunguliwa kesho.

"Weka chini, mama," Célestin akasema.

Martine alitazama sanduku, akatazama jagi mkononi mwake. Hakuhitaji kuelezwa. Soko likiisha magunia yanaondoka, sakafu inakauka, laini inarudi. Safari hii magunia hayakuondoka.

Mimi ndiye niliyefunga mlango. Nikamwambia, "Fundi, nisikilize. Kausha, safisha, chumvi ihamie kwangu leo hii. Kesho laini iko hewani, Hajji atafurahi, atamtoa mzee."

"Atamutoa na jina gani? La mwizi?"

"Jina linakufungulia mlango wa jela?"

"Hajji anasema Kosiya iko na mwenzake. Laini ikipona kimya kimya, atasema mwenzake ameogopa. Afande anataka kuona kitu."

"Basi sema ni paa!"

"Paa ya huku ni mupya, Mama Hanifah. Uliishika ngazi wewe mwenyewe."

Martine akakaa juu ya gunia. "Papa Gracien," akasema pole pole, akimwita kwa jina la mtoto wao aliyebaki Butembo, "tutalala wapi?" Célestin alichukua kitambaa akaanza kufuta sanduku. Mimi nililia, sioni haya kusema. Nililia kwa hasira, maana nilijua kichwa cha mtu huyo.

Jumatatu asubuhi, gari la kumpeleka Kosiya likiwa linawashwa, Célestin alimleta afande na Hajji kwenye chumba cha mashine. Amevaa tai. Sanduku lilikuwa safi, laini inafanya kazi, namba za Kasese zinapita kwenye kioo. Magunia aliyaacha pale pale. Akachukua jagi la Martine, akanywesha gunia moja mbele yao. Maji yakateremka, yakaingia kwenye sanduku. Tukasubiri. Kioo kikaganda. Mashine zote zikaanza kulia.

"Hii ndiyo Kosiya," Célestin akasema.

Afande akakuna shingo, akapiga kelele nje, "Zima gari! Toa huyo mzee!"

Hajji akauliza, "Chumvi ya nani?"

"Ya bibi yangu."

"Ufunguo wa nani?"

"Wangu, patron."

Hajji hakupaza sauti. Alisema tu kwamba ikifika mchana hataki kumwona tena ndani ya ua wake. Nilifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani nikaufunga, kwa sababu ya watoto wangu.

Kosiya alirudi mchana, bado hana viatu. Naome alimshika mkono langoni, ndipo machozi yakamtoka. Hajji akampa mzee funguo zake za lango, hakumwomba radhi, akampa na amri ya kwanza: yule Mkongo akishatoka, asiingie tena.

Célestin na Martine walikuwa uani wanafunga magunia kwenye baiskeli, godoro juu. Gunia la mwisho lilikuwa zito kwa yale maji ya asubuhi. Kosiya akaliinua yeye mwenyewe, akaliweka, akalikaza kamba. Baiskeli ikapita lango. Mzee akabaki ameshika komeo, Hajji akimtazama kutoka dirishani.

"Wasingya," Kosiya akasema. Kwao ndiyo asante.

Célestin akageuka. "Funga, muzee. Anakuona."

Kosiya akafunga.