Siku Mgeni wa Heshima Alipobeba Mbuzi wa Nyanya

Juzi niliingizwa kwenye kundi la simu la watu wa kwetu, huko pande za Githongo. Vijana wanataka kufufua klabu yao, kazi hakuna, mvua nayo imekataa, na wanaomba tuwashike mkono. Nikatuma kidogo nilichokuwa nacho, wengine wakatuma, mtu akaandika asante, na kabla chai yangu haijapoa mambo yalikuwa yamekwisha. Nikabaki nimeikodolea simu macho. Mchango mzima umekwisha hivyo, bila hata kuku mmoja kumponyoka mtu na kukimbilia chini ya viti? Ndipo nikamkumbuka mbuzi wa nyanya. Wacha nikuambie, rafiki yangu, mpaka leo nikimkumbuka moyo unanipasuka.

Klabu ya siku hizo ilikuwa chumba cha mbao pale sokoni, kando ya mashine ya kusaga unga. Ndani hakukuwa na kitu cha ajabu. Neti ya voliboli, redio, benchi, na harufu ya unga na jasho. Lakini bei ya kahawa ilikuwa imeanguka, wazee wanang'oa mikahawa waliyopandiwa na baba zao, na vijana walikuwa wanakunywa chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, kama maji. Mjomba wangu, kitinda mimba wa nyanya, alikuwa mmoja wao. Alikuwa analetwa nyumbani kwa wilibaro, miguu ikiburuta, nami ndiye niliyefungua geti huku watoto wa jirani wakinicheka. Mwalimu aliyeanzisha klabu alimfuata huko huko kwenye chang'aa akamwambia mtu mrefu hivyo anapoteza urefu bure. Mjomba akaenda kucheza voliboli, na pombe akaiacha. Sijui ilikuwaje, lakini aliiacha.

Halafu mwenye chumba akasema kodi imelala miezi mingi. Wasipolipa, anampa mtu afungue baa. Nyanya aliposikia neno baa aliweka sufuria chini, akasema atatoa mbuzi kwenye mnada.

Hapo lazima nikueleze, maana pengine kwenu hakuna. Kwetu mambo yakibana tulifanya mnada baada ya ibada. Mtu analeta ndizi, mwingine kuku, mwingine miwa. Unanunua, watu wanapiga makofi, halafu unakirudisha kile kitu kinadiwe tena. Kuku mmoja angeweza kununuliwa na kanisa zima. Na kama ni mnyama mkubwa, yule wa mwisho kumnunua anasimama na kusema arudi kwa mwenyewe. Hakuna aliyeandika sheria hiyo mahali. Tulizaliwa tukaikuta.

Kwa hivyo nyanya hakuwa na wasiwasi. Mimi nilikuwa nao. Yule hakuwa mbuzi wa kuchinja, alikuwa mbuzi wa maziwa, wa rangi ya kahawia, na alikuwa na mimba. Ndiye aliyeweka weupe kwenye chai yetu asubuhi na jioni, na mimi ndiye niliyemkamua. Nililia, nyanya akaniambia niache ujinga, jioni atakuwa kwenye banda lake, nikate tu majani ya viazi vitamu ayakute. Nikayakata.

Jumapili hiyo mjomba ndiye aliyeshika mnada, na mdomo alikuwa nao! Mbuzi akanunuliwa na mama wa kwaya, akarudishwa. Akanunuliwa na mchungaji, akarudishwa. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mwisho akasimama mgeni wa heshima, mfanyabiashara aliyealikwa na mwalimu kutoka mjini, mtu mpole mwenye koti zuri. Akataja pesa zilizotosha kulipa kodi yote na kubaki. Akina mama walipiga vigelegele, mjomba akarusha kofia juu. Klabu ilikuwa imepona. Tukanyamaza kumngoja aseme yale maneno.

Hakuyasema. Alimwita dereva wake kwa kidole. Dereva akamfunga mbuzi miguu, akampandisha kwenye pikapu.

Tulidhani ni mzaha. Haki ya Mungu, mimi nilicheka. Pikapu ikawashwa. Kanisa zima lilisimama midomo wazi, hata mchungaji, na hakuna aliyethubutu kumwambia mgeni amekosea, maana pesa ameshatoa na kosa lenyewe halijui. Mjomba akaanza kukimbilia gari. Nyanya akamshika shati kwa nyuma.

"Mwache," akamwambia. "Nimetoa."

Nyumbani tulikunywa chai ya rangi. Nyanya alikaa kwenye kigoda, kikombe mkononi. Baadaye akaniuliza, kana kwamba mimi mtoto ningejua, "Kwani kwao hawarudishi?"

Kesho yake mjomba akaenda kuvunja mawe kwenye machimbo. Wiki kwa wiki alirudi na vumbi kichwani, viganja vimechanika, na hakununua hata soda. Pesa zilipotosha kumkomboa mbuzi, akamwomba mwalimu amwelekeze, akapanda gari kwenda mjini.

Alirudi mikono mitupu, akasimama mlangoni kama mgeni.

"Walimla," akasema. "Jumapili ile ile."

Sikuelewa. Nani anakula mbuzi wa maziwa? Mwenye mtoto tumboni? Nilitoka nje, nikakaa karibu na banda. Majirani walikuja wakakaa nasi kama watu waliokuja kwenye matanga, na mmoja akawa anarudia rudia, walimla, jamani, walimla.

Mnada ule umekufa. Kile chumba cha mbao kilibomolewa, na siku hizi hata harusi tunachangia kwa simu. Sisemi ni vibaya. Lakini siwaoni tena watu wanaotoa kitu wanachokihitaji jioni hiyo hiyo, bila hofu, kwa sababu wanaamini kila mtu aliyekaa hapo anajua la kufanya. Nyanya naye tulimzika, na sauti yake ndiyo ninayoikosa kuliko vyote.

Maana siku ile aliporudi kutoka mjini, mjomba alikaa chini pale mlangoni, mtu mzima, akalia akiwa na pesa zake mkononi. Alisema yeye ndiye aliyemnadi, ni yeye aliyemuua. Nyanya akamsogelea.

"Mbuzi ameliwa siku moja," akamwambia. "Wewe ulikuwa unaliwa na chang'aa kila siku, na mimi naangalia. Ingia ndani, ule."