Michembe Haikuwa na Hatia

Nakumbuka asubuhi moja hapa Ipuli, nikiwa binti, baba yangu, aliyekuwa mgonjwa, alisukutua na maji aliyotema yakawa mekundu. Fizi zilikuwa zinatoka damu. Shangazi hakuhangaika kutafuta sababu. "Michembe hiyo," akasema. "Mgonjwa gani anatafuna viazi vikavu kama kijana?" Akampaka asali, maana baba alikuwa mrina asali, na sisi watu wa nyumba yake hatujui kidonda kisichopakwa asali.

Mwanangu, damu haikukoma. Nikamnyima michembe, nikampa uji mtupu, bado ikatoka. Hapo udadisi ukanishika, na mimi ukinishika huwa situlii. Nikamkagua baba kama kuku wa kununua. Mkononi, pale alipochomwa sindano, palikuwa pamevimba na kuwa peusi.

"Nyuki wakianza ukali ghafla," baba akaniambia, "huwa natazama kitu gani kipya kimekuja karibu na mzinga. Kwangu mimi kipya ni nini?"

Figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi muda mrefu, hilo tulishalizoea. Kipya zilikuwa sindano za antibayotiki alizoanzishwa kwa ajili ya kifua. Nikasema nitamuuliza daktari siku ya kliniki ikifika. Ukweli ni kwamba nilimwogopa.

Baba akanitazama. "Unamwogopa yeye kuliko unavyoogopa kunizika?"

Tukaenda siku ile ile. Daktari hakunifokea hata kidogo. Alimpima baba damu, kisha akanieleza kwamba baadhi ya dawa hizo huifanya damu ichelewe kuganda, na figo zikiwa mbovu dawa hukawia kutoka, ikarundikana mwilini. Akambadilishia dawa, akampa na vitamini K. Damu ilipokoma nililia kwa furaha. Shangazi, Mungu amrehemu, amekufa akiamini ni michembe.

Basi, mwanangu, ukimpeleka mgonjwa wa figo kutibiwa, zitaje figo zake kabla hujaulizwa. Ukiona damu kwenye fizi au puani, au ngozi imevilia, usimkatishie dawa kwa akili yako, wala usipake asali ukalala. Rudi hospitali siku hiyo hiyo, uulize.

Mungu akutunzie wazazi wako, na akupe mdomo usioona haya kuuliza wangali hai.