Mkono wa Mbwa wa Watu

Nilimharibu mbwa wa watu kwa Jumapili moja, tena kwa furaha. Kumtengeneza kulinimalizia msimu mzima wa mvua, na mpaka leo sina hakika kama neno "kutengeneza" linafaa.

Alikuwa wa mama mmoja mjane wa Bukavu, jirani wa zamani wa wakwe zangu, aliyekuwa akiishi Area 25 kule Lilongwe. Mama huyo alivunjika mguu, akaenda kuuguzwa kwa binti yake, na huko wajukuu wanaogopa mbwa. Bibi yangu akajitolea kumtunza, maana mume wake, yaani mimi, ni mshonaji anayefanyia kazi sebuleni na hatoki mpaka nyumba iungue.

"Mama, usiogope," alimwambia. "Uyu bwana yangu hata jua haimujue."

Mjane akatukabidhi mbwa pamoja na maelezo. Ukisema "Bonjour," mbwa anakaa na kutoa mkono wa kulia. Marehemu mumewe ndiye aliyemfundisha, na tangu azikwe, kila asubuhi mkono ule ulimsalimia mama kabla ya mtu yeyote. "Munirudishie ye vile iko," alisema, akageukia ukuta.

Mwezi wa kwanza kwetu Dzaleka, kambini kwa wakimbizi, ulikwenda vizuri. Mbwa alilala chini ya cherehani, nami nikajifanya mwalimu kwa kazi ya marehemu. Kosa langu ni sifa. Bibi yangu huimba kwaya, na Jumapili moja kwaya nzima ilikuja kwetu kunywa chai baada ya ibada, na ngoma zao. Nikasimama. "Mutulie kwanza, niwaonyeshe kitu." Bonjour. Mbwa akatoa mkono.

Sasa, watu wa kwetu hawajui kufurahi kimya. Makofi, vigelegele, aleluya, na mpiga ngoma akaitandika ngoma kana kwamba kiwete ameinuka. Mbwa akaruka, akaangusha birika, chai ya moto ikammwagikia mgongoni, akaingia chini ya kitanda. Alitoka siku ya tatu, na safari hii hakuna aliyesema aleluya.

Mgongo ulipona. Lakini nikisema Bonjour, anakojoa.

Mimi nina sekondari yangu, nikaona ni suala la marudio. Nikasema Bonjour kwa sauti kubwa zaidi. Nikaushika mkono wake na kuuinua mwenyewe, kama karani anayemkamata mtu dole gumba kwenye mgao wa chakula. Hakuniuma. Aligeuka jiwe, akatazama pembeni. Baada ya hapo akawa anaondoka kila chumba ninachoingia, na kwa kuwa nyumba ina vyumba viwili tu, tulishinda siku nzima tukibadilishana.

Kilichonitesa ni mguu wa mama, uliokuwa ukipona. Habari zilikuja kila juma: ameacha fimbo moja, amefika kanisani. Mtu mwingine angefurahi. Mimi nilikuwa nauombea mguu ule usiwe na haraka.

Mwishowe nilichoka, nikamwacha, nikarudi kwenye suruali za watu. Ndipo nikagundua kwamba nikishona bila kumtazama, anarudi taratibu kulala karibu na miguu yangu. Basi nikaanza kushona kwa hila. Mkono mmoja kwenye kitambaa, mwingine nikauning'iniza chini na ndagala mmoja, dagaa mkavu, katikati ya vidole, macho kwenye sindano. Siku nne hakuna. Siku ya tano nikasikia pumzi, kisha ulimi, na ndagala hayupo.

Jirani yetu, Mrundi muuza makaa, aliona yote akichungulia juu ya ua, mlango wetu ukiwa wazi.

"Muzee, uyu mbwa anakula ndagala juu ya kazi gani?"

"Juu ya kukuja."

"Juu ya kukuja! Mi nakujaka kila siku, haujanipa hata kichwa yake!"

Nikapanda darasa. Ndagala nikamficha mfukoni, kiganja kikawa kitupu. Akikigusa kwa pua, anapata. Nilifurahi nikamwomba mara ishirini mfululizo. Akapiga miayo, akaondoka. Kumbe mara tatu zinatosha, halafu unaacha yeye akiwa bado anataka. Walimu wangu wote walikuwa hawajui hilo.

Siku moja alivuka chumba kizima, mwenyewe, bila kuitwa, akaweka pua kiganjani. Nikapiga paja langu, pwaa! "Eee, bravo!"

Chini ya kitanda.

Bibi yangu alikuwa mlangoni na ndoo kichwani. "Ulisemaka ni kwaya njo iliharibu," alisema. "Kwaya ni weye."

Tukaanza tena kwenye pumzi. Majuma matatu. Pua ikarudi. Mkono haukuja, na mguu wa mama ukapona, akarudi kwake.

Nikampeleka Lilongwe ndani ya kikapu, kichwa nje. Kondakta wa kwanza wa minibasi alisema, "Galu ayi, bambo," mbwa hapana; wa pili akacheka na kutupakia. Mama alikuwa ameshatoa kiti uani. Hakunisalimia mimi kwanza.

"Bonjour," akasema.

Mbwa akalaza masikio, akajificha nyuma ya miguu yangu. Yangu! Aibu ni kwamba kwa nukta moja nilijivuna. Kisha nikauona uso wa mama, nikamweleza yote, kwaya, birika, dole gumba, mpaka kiganja.

"Mi nilikupa mukono," akasema polepole. "Unanirudishia pua?"

"Njo ile nilipata, mama."

Nikampa mama ndagala wa mfukoni, nikamwomba auning'inize mkono na kutazama kwingine. Akatazama ukuta wa jirani. Tulikaa muda mrefu sana. Mbwa akatoka nyuma yangu, akazunguka kiti mara mbili, akaweka pua. Mama hakuondoa mkono hata ndagala alipokwisha.

"Pua ni baridi," akasema. "Bwana yangu hakufundishaka ivi."

"Hapana, mama."

"Utakuja kila Jumamosi mpaka mukono irudi."

"Mama, mi sijuake kutembea. Ata sokoni ni bibi njo anaendaka."

"Mbwa naye hakujuaka kuogopa."

Basi, mimi ambaye jua halinijui, nikaanza kudamkia minibasi. Jumamosi ya kwanza mkono haukutoka. Ya pili mbwa alilala usingizi mbele yetu, tukamtazama kama wagonjwa wanaomngojea daktari. Ya tatu alikaa, akafikiri, akainua mguu mmoja wa mbele urefu wa kidole, akaurudisha chini.

Nilibana midomo, bravo isitoke. Nilimwangalia mama.

"Ile ilikuwa ya kushoto," akasema. "Haihesabike. Lakini umupe ndagala."