Aliyekuwa Akiiua Kamera ya Sebuleni

Jamani, kamera haifi kifo kilekile mara tatu mfululizo. Haipo hiyo.

Mimi ni fundi wa kamera za ulinzi majumbani. Nimeshaona kamera zilizopigwa na radi, zilizoingia mchwa, hata moja ambayo ndege alijenga kiota mbele yake, mwenye nyumba akawa anaangalia makalio ya ndege kutwa nzima.

Lakini ya nyumba hii ilikuwa inauawa. Kuna mtu alikuwa anaimaliza, na alijua vizuri pa kuishika.

Kazi nilipewa na dada mmoja anayefanya kazi mbali, nje ya nchi kabisa. Mama yake ni mtu mzima, miguu imeshamkatalia, anajikongoja ndani na fimbo. Anaishi na kitindamimba wake, mwanaume mkubwa tu ambaye mtaa mzima unamwita Mpole.

Na jina hakujipa mwenyewe. Aliacha udereva wake ili amlee mama. Anapika, anafua, anadeki. Majirani walikuwa wanawaambia watoto wao wamuige.

Dada wa mbali alinunua kamera ya maana, ikawekwa juu ya kabati la sebuleni. Ina spika ndani yake. Yeye huko aliko anaiona sebule yote, na akitaka kusema anasema, sauti inatokea juu ya kabati kama tangazo la stendi.

Siku ya kwanza naitwa, kamera haiwaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Wewe ndiye daktari wa hiki kidudu?"

"Ndiyo mimi. Mgonjwa wangu yuko wapi?"

Akacheka, akanyoosha fimbo kuelekea kabatini. Nikampenda hapohapo.

Tatizo nililijua mapema. Kamera hizi ni kama simu, waliozitengeneza huziletea programu mpya kila baada ya muda. Sisi tunaita apdeti. Sasa umeme ukikatika katikati ya apdeti, programu ya zamani imeshafutwa na mpya haijakaa sawa. Kamera inabaki kama jiwe. Na mtaa ule ulikuwa umekatikiwa umeme siku hiyo, kwa hiyo sikuwa na swali.

Dawa yake ipo. Unaweka programu ya zamani kwenye memori kadi, unabonyeza kile kitufe kidogo cha nyuma kwa pini, unachomeka umeme huku umeshikilia, unasubiri. Ikikubali, inaamka, halafu inaanza kuvuta ile apdeti upya.

Ikaamka. Taa ya bluu ikaanza kupepesa. Mtandao wao ulikuwa unajikokota, na mimi mteja mwingine ananipigia simu kama nimekimbia na mkewe.

"Mama, hiyo taa ikiwa inapepesa hivyo, waya usiguswe. Ukichomolewa katikati, kamera ndiyo basi tena."

"Na ukichomolewa taa ikiwa imetulia?"

"Hapo haina neno. Ukirudishwa inawaka."

"Kwa hiyo ubaya wote uko kwenye hiyo bluu."

"Umeelewa mama. Ungekuwa fundi wewe."

"Umri umenipita baba," akasema, akacheka tena.

Nikaaga, nikaondoka zangu.

Kesho yake, imekufa. Ugonjwa uleule.

Nikarudi. Safari hii nikailaumu chaja, nikaweka mpya. Mpole akaniletea maji ya kunywa, akakaa karibu yangu, amechoka mpaka macho.

"Kaka, hiki kitu kinanitafuna. Kikizimika, dada ananiwakia mimi. Kikiwaka, dada ananiwakia mimi."

Nikadhani anatania. Kamera ilipoamka tu, sauti ikashuka kutoka kabatini:

"Mpole! Mbona mama bado ana nguo za jana?"

"Nilikuwa namalizia kupika, dada."

"Kila siku unamalizia! Unamalizia nini kisichoisha?"

Mpole alisimama palepale na kitambaa cha vyombo mkononi, amekaza taya. Mama alikuwa anaangalia magoti yake. Ndipo nikaona alama nyeusi kwenye kiwiko chake.

"Mama, hapo vipi?"

"Nilijigonga mlangoni."

Alijibu haraka mno. Sikupenda, lakini mimi ni fundi wa kamera, si askari. Taa ya bluu ikaanza kupepesa, nikaondoka.

Ikafa tena.

Mara hii niliing'oa, nikaenda nayo kwenye banda langu. Kamera hutunza kumbukumbu zake, saa gani imezimika na saa gani imewaka. Nikazilinganisha na za rauta, kile kiboksi cha mtandao cha nyumba hiyohiyo. Ukiacha ile siku ya kwanza umeme ulipokatika mtaa mzima, rauta haikuzimika hata kidogo. Umeme ulikuwepo. Mtandao ulikuwepo.

Kamera tu ndiyo iliyokatwa, na mara zote mbili ilikatwa katikati ya apdeti.

Hiyo si bahati mbaya. Hapo kuna mkono wa mtu.

Nikampigia dada wa mbali. Akasema, "Ni Mpole. Mama ana alama mwilini, fundi, na kila siku ni mlango. Nipe ushahidi tu. Namfunga yule, wallahi namfunga."

Tukapanga. Nikaiwekea kamera apdeti yote kulekule bandani mpaka ikamaliza. Nikabandika selotepu nyeusi juu ya taa. Nikaiunganisha na pawa benki, ya kwenda kufichwa nyuma ya mapambo ya kabati. Sasa hata waya ukichomolewa ukutani, kamera inaendelea kuona.

Nikairudisha asubuhi. Mama yuko kwenye kochi lake, Mpole yuko mlangoni.

"Taa yake imekufa, haitawaka tena," nikasema kwa sauti wote wasikie. "Lakini apdeti ndiyo imeanza sasa hivi. Tafadhali, waya usiguswe."

Nikarudi bandani, nikafungua simu. Dada naye huko kwake alikuwa anaangalia. Tulikuwa tunamsubiri Mpole.

Mpole akatoka, akaenda jikoni.

Aliyeinuka ni mama.

Alijivuta kwenye kochi kwa taabu, akashika ukuta, akafika kwenye soketi. Akapitisha mpini wa fimbo kwenye waya, akauvuta kama mtu anayeangua tunda. Waya ukaanguka. Akarudi kukaa, akatengeneza nguo yake magotini, akatulia kama hakijatokea kitu.

Nani alimfundisha? Mimi! Mimi mwenyewe na mdomo wangu, na sifa nikampa.

Simu ikaita. Dada. "Fundi, unaona ninachokiona?"

"Naona. Ila sielewi."

Hatukukaa sana bila kuelewa. Mpole alikuja na chai na mkate. Mkono wa mama ukatetemeka, kikombe kikamwagika kwenye nguo aliyovalishwa muda si mrefu. Mpole akauangalia waya ulioanguka chini. Akaiangalia kamera.

Kisha akampiga mama yake kofi.

Sijawahi kuona kitu kibaya kama kile, na sitaki kukiona tena. Mama hakupiga kelele. Aliinua mkono kukinga uso, kwa namna ya mtu aliyezoea. Mpole akaushika ule mkono, akauvuta ili amwinue, mama akaanguka akigonga ukingo wa kochi la pembeni, na hata kwenye simu niliusikia mfupa ukivunjika.

"MWACHE MAMA! MWACHE MAMA YANGU!"

Dada alikuwa anapiga kelele kupitia kamera.

Kamera iliyokuwa imekufa.

Mpole akaruka nyuma kama ameguswa na umeme. Lakini mimi nilikuwa namwangalia mama. Pale chini alipolala, aliinua uso kuelekea kabatini, na uso wake haukuwa wa mtu aliyepata msaada. Ulikuwa wa mtu aliyefumaniwa.

Nilipiga simu polisi, nikarukia pikipiki. Nilipofika na polisi, Mpole alikuwa amekaa sakafuni, kichwa cha mama kiko mapajani kwake, analia kama mtoto. Hakubisha. Alisimama mwenyewe akaenda nao.

Mama aliwaambia polisi ameteleza. Aliwaambia tena alipofika hospitali. Dada akafika kwa ndege, akatoa ile video, maneno yakaisha.

Nilikwenda kumwona wodini, mkono uko kwenye plasta. Dada yuko pembeni anamkunjia shuka.

"Mama, pole sana."

Hakuipokea pole yangu.

"Kwa nini ulikuwa unaizima, mama?" nikauliza. "Tungejua mapema."

"Huyu akiona kitu, anamfokea mwenzake," akasema, akimwonyesha dada kwa kidevu. "Mwenzake akifokewa, anakuja kunimalizia hasira mimi jikoni, ambako hakuna kamera. Nikichomoa tu, huyu anapiga simu kuuliza nani kachomoa, balaa lilelile. Ikifa kwenye bluu, lawama ni zako fundi. Napumzika."

Dada akaacha shuka.

"Mama, lakini alikuwa anakupiga!" nikasema.

"Alikuwa ananipiga, ndiyo. Na mnaweza kuwaonyesha watu wote." Macho yakamjaa. "Lakini ile miaka yote aliyokuwa ananibeba mgongoni kunipeleka kuoga, hiyo kamera yenu ilikuwa wapi? Na nyie mlikuwa wapi?"

Nilitaka kumwambia leo ni mkono, kesho ingekuwa shingo. Na ni kweli, ningekubali ile video itolewe hata leo hii. Ila nikatoka nje nikiwa na hasira, na sikujua hata namkasirikia nani.

Mpole alifungwa. Dada akaacha kazi yake ya nje, akarudi kukaa na mama. Kamera nilishaing'oa. Nikadhani hadithi imeishia hapo.

Miezi ikapita. Siku moja mchana dada akanipigia.

"Fundi, ile kamera bado unayo?"

"Ninayo. Kuna wezi?"

Nikasikia anavuta pumzi.

"Mama alimwaga uji kitandani asubuhi. Nimebadilisha shuka, amemwaga tena. Silali, fundi. Sina hata mtu wa kuongea naye." Sauti ikamkatika. "Niliinua mkono. Sikumpiga, Mungu ni shahidi. Lakini niliinua mkono, na mama akakinga uso vilevile kama kwenye video."

Kisha akaendelea:

"Njoo uifunge, kaka. Safari hii ielekeze kwangu mimi."

Niliweka simu chini, nikaiangalia ile kamera kwenye rafu. Nzima kabisa. Ina apdeti zote.

Sikwenda nayo. Nilimchukua mke wangu, tukaenda. Tukabadilisha shuka, tukamlisha mama, tukakaa naye mpaka jioni. Dada alilala chumba cha pili usingizi wa kukoroma, mpaka mama mwenyewe akamuuliza mke wangu kama yule mtu yuko salama. Sasa tumepanga zamu, sisi, jirani na shangazi yao.

Nawaambia ndugu zangu mnaosoma hapa. Anayempiga mzazi ashtakiwe, hilo sina mjadala nalo. Lakini kama una mama au baba, na mzigo wake wote umemtwisha ndugu yako mmoja, kabla hujanunua kamera ya kumchunga, nenda kampokee. Hata siku moja. Mwambie alale.

Siku hizi mteja akiniambia anataka kamera ya kumwangalia mzazi, namuuliza kwanza, anayemlea anapumzika lini? Wengine hukasirika, wanatafuta fundi mwingine. Sawa tu.

Mama bado hataki kuongea na mimi. Nikimpa shikamoo anageukia ukutani, na mimi namlisha uji wake hivyohivyo.