Mzee wa Ndoo na Beji Iliyozuia Ndege Tisa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, watu ishirini wamejipanga mstari mmoja kukata upana wa njia ya kurukia ndege, mashariki mwa Uingereza. Wanatembea polepole, vichwa chini, wakiokota kokoto, skrubu na vipande vya waya. Injini ya ndege ya kivita hufyonza kila kilicho mbele yake, na kokoto moja yatosha kuiua.

Clive Ogden, mwenye miaka hamsini na tisa, yuko katikati. Kichwa chake kiko wazi kwenye baridi.

"Mzee, kofia iko wapi? Upara huo utawapofusha marubani!" anamtania Tamsin Pell, aliye kushoto kwake.

"Tazama chini wewe," anajibu Clive. Hacheki.

Ni mwaka wa kumi na mmoja analipwa pauni kumi na tatu kwa saa kuufagia uwanja huu. Wiki ya maonyesho ya ndege ndiye hushika ndoo. Kila anayeingia njiani humwaga humo vitu vinavyoweza kumdondoka: sarafu, funguo, hata pete ya ndoa.

"Sikumwonea mtu haya," anamwambia mwandishi anayetembea kando yake. "Nilimfokea kanali mzima kwa sababu ya kalamu."

Lakini yeye mwenyewe alikuwa akiingia na kofia yenye beji thelathini na moja, moja kwa kila onyesho alilohudhuria tangu utotoni. Nani angethubutu kumwambia aivue?

Jumamosi moja mwaka jana, watazamaji elfu thelathini walikuwa wamekunjua viti tangu alfajiri, chupa za chai miguuni. Mstari ulipomaliza kazi, Clive akapapasa kofia. Beji ya kwanza kabisa, aliyonunuliwa na baba yake, haikuwepo.

Ndege tisa zilikuwa zimeshawasha injini.

"Nilijua la kufanya," anasema, sauti ikishuka. "Nikanyamaza. Nikajiambia itakuwa imeangukia majanini. Nikatazama saa. Dakika nne, bwana. Nne nzima."

Ndege ya kwanza iliposogea, alibonyeza redio yake ya mawasiliano: "Simamisheni! Njia si safi. Kosa ni langu."

Injini zikazimwa, mstari ukarudi kutafuta. Hapo wingu zito likaingia kutoka baharini, likalala juu ya uwanja. Onyesho likafutwa. Watu wakakunja viti, watoto wakilia.

Jioni, beji ilionekana chini ya kiti cha gari lake la kufagia. Haikuwahi hata kugusa njia.

Fundi mkuu wa kikosi cha ndege hizo tisa alimfuata. Clive alisubiri matusi. Badala yake alishikwa mkono.

"Wengine wangeogopa. Wewe umesema palepale."

Clive akaitikia kwa kichwa. Mwezi uliofuata alitumiwa beji ya kikosi, zawadi ya uaminifu. Hajaivaa hata siku moja.

"Marubani tisa," anasema, "nami nawaza kofia yangu. Halafu nazawadiwa!"

Mpango wake ni mdogo: awaambie wenzake ukweli, amwachie Tamsin ndoo, na wakimkubali, aendelee kutembea nao mstarini.

Mstari unafika mwisho. Watu wanaizunguka ndoo kuchukua vitu vyao. Clive anatumbukiza mkono, anatoa beji ya kikosi na kuiinua ili wote waione.

"Ngojeni kidogo," anasema. "Sikusema palepale."